Usikifanye Kipya: Mhadhara juu ya Kutunza Vinyago vya Tiki



Nianze na harufu. Gari lilipokileta kinyago kile karakana kwetu, kusini mwa California, kabla hata hatujafungua turubai chumba kizima kilijaa moshi wa sigara za zamani, ramu iliyomwagika, na zulia lililolowa likakauka mara mia. Kilikuwa kimesimama mlangoni mwa mkahawa mmoja karibu miaka 50. Kilinipita urefu kwa kichwa kizima. Macho mapana kama visahani vya chai, pua bapa, mdomo uliopanuka hadi masikioni. Nikaingiza tochi mdomoni. Humo mlikuwa na vipisi vya sigara, vijiti vya plastiki vya kukorogea vinywaji, senti mbili za Kimarekani zilizoota kutu ya kijani, na kiota cha ndege kilichohamwa zamani.

Mwenye mali alikuwa mzee wa umri wa babu yangu, aliyekinunua siku mkahawa unavunjwa. Alifanyia karamu ya harusi yake humo, meza ya pili kutoka kwenye kinyago. Akaniambia, "Fundi, nataka king'ae kama siku ile." Nikamjibu kwamba siku ile hakikung'aa. Akacheka, akadhani namtania.

Mhadhara wa leo ni wa kumalizia mazungumzo yale.

Neno tiki ni la Polinesia. Kwa Wamaori wa New Zealand, Tiki katika masimulizi mengi ndiye mtu wa kwanza, na sanamu yenye umbo la mtu ikachukua jina lake. Marquesas neno ni hilo hilo. Tahiti ni ti'i. Hawaii ni ki'i. Mwenye sikio la Kibantu hashangai: ni kama sisi na mtu, mundu na umuntu. Bahari ni pana, lakini neno limesafiri na wenye mitumbwi. Kwenye bonde la Puamau, kisiwa cha Hiva Oa huko huko Marquesas, wapo tiki wa mawe waliosimama kwenye uwanja wa ibada, na mkubwa wao, Takaii, anazidi mita 2. Hao hawakuchongwa kupamba mlango wa mkahawa. Walikuwa wahenga na machifu waliogeuka nguvu.

Vinyago vya mti vilikuwa vingi zaidi, na ndivyo vilivyoangamia zaidi. Hawaii, mwaka 1819, mfalme Kamehameha wa Kwanza alipofariki, mwanawe Liholiho alikaa kula na wanawake hadharani, jambo lililokuwa mwiko mkubwa, kisha akaamuru mahekalu yabomolewe na sanamu zichomwe. Wamisionari wa kwanza kutoka Boston walifika mwaka uliofuata, wakakuta majivu. Nasema hivi kwa sababu tumezoea kusimulia kwamba kila kinyago kilichoungua kiliunguzwa na mgeni. Hivi vya Hawaii viliunguzwa na wenyewe, kwa sababu zao. Sanamu kubwa za mungu Ku zilizobaki duniani kwa umbo lile ni tatu tu: moja ipo Honolulu, kwenye jumba la makumbusho la Bishop, moja London, moja Salem kule Massachusetts. Mwaka 2010 zilikutanishwa Honolulu, bega kwa bega.

Na kipo kinyago kiitwacho A'a, kutoka kisiwa cha Rurutu. Watu wa Rurutu walikikabidhi kwa wamisionari mwaka 1821, na leo kipo British Museum. Kina urefu wa sentimita 117, na usoni na kiwiliwilini kimeotwa na vitu vidogo 30, ambavyo ukivisogelea unaona kila kimoja ni mtu. Macho ni watu. Pua ni mtu. Mgongoni kina kifuniko, na ndani ni tupu. Wataalamu wamethibitisha kuwa mti wake ni msandali. Nawaomba mkikumbuke kifuniko hicho, nitakirudia.

Tiki wa mzee wangu hakutoka huko. Alizaliwa Marekani, na kuzaliwa kwake kuna tarehe. Mwaka 1933 kijana aliyejiita Don the Beachcomber alifungua baa ndogo Hollywood, akaipamba kwa maboya ya vioo, nyavu na mianzi. Mwenzake wa Oakland, Victor Bergeron, akafuata na Trader Vic's, ambayo matawi yake yamefika hadi Dubai. Kisha vita vya Pasifiki vikarudisha askari waliokuwa wameviona visiwa kwa macho yao. Mwaka 1947 Thor Heyerdahl akasafiri siku 101 juu ya chelezo chake Kon-Tiki kutoka Peru hadi Polinesia. Mwaka 1959 Hawaii ikawa jimbo la Marekani. Kila mji ukataka kuwa na kisiwa chake ndani ya nyumba isiyo na madirisha, na kila kisiwa kikahitaji miungu.

Nani aliichonga? Hapa ndipo panapofurahisha. Wengi hawakuwa Wapolinesia hata kidogo. Milan Guanko na Andres Bumatay, wachongaji wanaotajwa kwa heshima California, walikuwa Wafilipino. Huko Whittier, kuanzia 1956, vijana wawili wa Kimarekani, Robert Van Oosting na LeRoy Schmaltz, walianzisha Oceanic Arts, wakasambaza vinyago na mianzi kwenye mikahawa na hoteli, hadi walipofunga milango mwaka 2021. Kwa hiyo kinyago kilichokuwa mbele yangu ni mti wa Meksiko, uliochongwa na pengine mkono wa Manila, kwa sura ya mungu wa Hawaii na meno ya Marquesas, ili kumkaribisha mfanyabiashara wa Ohio anayetaka kinywaji chenye mwavuli wa karatasi.

Najua baadhi yenu mnajiuliza: sasa hicho nacho ni cha kuhifadhiwa? Si bandia? Swali hilo huulizwa pia na Wapolinesia wenyewe, tena kwa hasira yenye haki, maana si jambo dogo kumuona mhenga wako amegeuzwa kikombe cha udongo cha kunywea ramu. Jibu langu ni la fundi, si la jaji. Bandia ya miaka 60 ina historia yake. Inasimulia jinsi watu fulani walivyowaza juu ya watu wengine, na ukiitupa, ushahidi umeutupa pia. Kinyago cha mtalii kilichochongwa na Mkamba Mombasa miaka ya 1950 hakikuwa cha mizimu ya mtu yeyote, lakini leo ningekishika kwa mikono miwili.

Ila fundi lazima ajue ameshika nini kabla hajafungua chupa ya gundi. Hilo silipitii haraka, kwa sababu limetugusa nyumbani. Vigango vya Wamijikenda, nguzo za mti zinazosimikwa kwa marehemu wa chama cha Gohu, viling'olewa miaka ya 1980 na kuuzwa Marekani kama mapambo ya sebule. Viwili vilivyoibiwa eneo la Kaloleni vilikutwa katika makumbusho mawili ya huko, vikarudishwa mwaka 2007. Mwaka 2014 makumbusho ya Denver yakatangaza kurudisha 30. Kigango hakitengenezwi. Kinasimama kwenye mvua na jua hadi kiishe, na kuisha huko ndiyo kazi yake. Mtu akiniletea kigango, au ki'i wa kweli kutoka hekaluni, akaniomba nikitibu, patasi naiweka chini na simu naishika: kuna wenyewe wa kuulizwa. Huyu wa mkahawani mwenyewe wake ni mzee wa harusi, na mimi na yeye tunaweza kuelewana.

Sasa tuje kwenye mti, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo.

Mafundi wa California walipenda shina la mtende wa mapambo wa Meksiko, ule mrefu mwembamba mnaouona katika kila filamu ya Los Angeles. Ulijaa mitaani, na ni laini kwa msumeno wa mashine. Mliokulia pwani hamna haja ya kufundishwa, maana ni ndugu wa mnazi. Nje mgumu, ndani sifongo. Hauna pete za umri kama mwembe. Ni nyuzi ngumu zilizotawanyika katika nyama laini, na kadiri unavyokwenda katikati nyuzi zinapungua na nyama inaongezeka. Ndiyo maana fundi wa kwetu akitaka boriti ya mnazi huchukua sehemu ya nje, tena ya chini ya shina. Ile nyama ina wanga, na wanga ni chakula cha mwingine.

Mchonga tiki hufanya kinyume. Analivunja lile ganda gumu ili achimbe macho na mdomo, akaiacha nyama wazi kwa hewa na mvua. Kila jicho ni mlango. Kinyago kikisimama nje, maji yanakaa kwenye kope la chini na kwenye kidevu, na yule anayemtazama mgeni kwa ukali huku nyuma ya macho anaoza taratibu. Ukimgonga kifuani kwa vidole utasikia mlio wa ngoma. Mlio huo hunisikitisha kuliko ufa wowote.

Ufa, kwa kweli, si ugonjwa. Vinyago vya miti migumu, mvinje kwa mfano, au mtondoo, ambayo yote inaota Polinesia na kwetu, hupasuka kwa sababu ya hesabu. Gogo zima lenye kiini chake ndani, likikauka, husinyaa kwa kuzunguka mduara takriban mara mbili ya linavyosinyaa kutoka ganda kwenda kiini. Hesabu haifungi, gogo linajifungua. Fundi mjanja huliwahi: huchana mfereji mmoja mgongoni kwa msumeno, ili ufa uje pale ambapo hauonekani. Na ufa ukishakuwapo hupumua. Kiangazi hufunguka, masika hufunga. Ukiujaza kwa gundi ngumu wakati umefunguka, mvua zikija mti unatanuka, unakutana na kabari, unapasuka pembeni, na sasa una nyufa mbili.

Nimelijua hilo kwa gharama. Mwaka wangu wa pili kazini niliachiwa kinyago cha bustanini, kimeoza miguu. Nilikuwa kijana, nilitaka kuonekana. Nikakwangua uozo wote hadi kwenye mti mzima, nikajaza saruji, nikalainisha kwa msasa, nikapaka mafuta ya kitani tabaka nne. Kiling'aa kama meza ya bwana harusi. Watu walinipongeza. Miaka mitatu baadaye nilikwenda kukitazama. Mafuta yalikuwa yamekuwa meusi, yananata, yamekusanya vumbi na mbu waliokauka. Saruji ilikuwa imefungia maji ndani, na mti ulioizunguka umekuwa kama mkate uliolowa. Niliuvuta mguu kidogo tu, ukatoka mkononi mwangu, mzito, wa saruji. Mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakusema kitu, na mimi sikuwa na la kusema.

Basi kwa huyu wa harufu tulianza na karatasi nyeusi. Ukikuta mti umebunguliwa, umejaa vitundu kama vya sindano, swali si kama wadudu walikuwemo, swali ni kama bado wamo. Unaufuta mti vizuri kwa brashi laini, unatandika karatasi nyeusi chini yake, unasubiri. Siku ya tisa nilikuta vilima viwili vya unga mweupe, kila kimoja mfano wa chumvi unayochukua kwa ncha ya kisu. Wamo. Tukakifunga kinyago kwa plastiki, tukaitoa hewa, tukakiingiza kwenye chumba cha barafu, nyuzi 20 chini ya sifuri, wiki mbili. Hakuna sumu, hakuna harufu mpya. Vinyago visivyostahimili baridi, kama vile vyenye rangi nene iliyokwisha kupasuka, hufungwa kwenye mfuko usio na oksijeni kwa wiki kadhaa.

Kisha kusafisha. Hapa huwa nachekwa. Dawa bora ya lami ya sigara juu ya kinyago ni pamba iliyoviringwa kwenye kijiti na kuloweshwa mate. Si mzaha, wahifadhi wa makumbusho makubwa hufanya hivyo kila siku, kwa kuwa mate yana vimeng'enya vinavyolegeza uchafu bila kuula mti. Unaviringisha pamba, husugui, na unabadilisha kijiti kila kikichafuka. Shavu moja lilinichukua vijiti zaidi ya 200 na asubuhi mbili. Mashine ya kuoshea magari, ambayo nimeiona ikielekezwa kwenye uso wa tiki, humaliza kazi hiyo kwa dakika moja, na uso nao humalizika.

Lami ilipotoka, chini yake palikuwa na weusi mwingine, mkavu, usiotoka. Nilifurahi kama niliyeokota pete. Mafundi wale walikuwa na desturi ya kukichoma kinyago kipya kwa moto wa gesi hadi ngozi igeuke mkaa, kisha kukipiga brashi ya waya, ili nyama laini ianguke na nyuzi ngumu zibaki zimesimama. Ule mkaa ndio rangi yake. Chini ya taya la kushoto brashi ilikuwa imepita kwa mshazari, kutoka juu kulia kwenda chini kushoto, safari tano, ya sita imekatika katikati, kama mtu aliyeitwa akanywe chai. Aliyeshika brashi ile hakuandika jina lake popote. Safari zile tano na nusu ndizo sahihi yake, na kipande cha msasa cha shilingi mia kingezifuta.

Nilikuta pia kwamba kwenye paji la uso mtu fulani alikwisha kupaka kiwi. Ndiyo, ile ya viatu, ile ile wanayopaka wachongaji wetu mti mweupe ili mtalii aamini ni mpingo. Kopo lile limebeba jina la ndege wa New Zealand kwa sababu mke wa aliyeitengeneza alitoka huko. Kwa hiyo, ukiacha neno tiki lenyewe, katika kinyago kizima kitu chenye jina la Kimaori halisi kilikuwa ni rangi ya viatu. Tukaitoa kwa tapentaini, kidogo kidogo.

Nyama iliyooza hatukuikwangua. Tuliyeyusha resini ya akriliki iitwayo Paraloid B-72 katika asetoni, kwanza nyepesi, sehemu 5 kwa 100, kwa sababu nyepesi ndiyo inayozama. Tukaidunga kwa bomba la sindano kupitia vile vile vitundu vya wadudu. Wabunguaji walitutobolea njia, tukazitumia. Ikikauka, tunarudia na sehemu 10. Resini hiyo ina sifa moja inayoifanya izizidi epoksi zote madukani: asetoni ikiirudia inayeyuka tena. Fundi wa miaka 80 ijayo akiona nilikosea, ataiondoa. Epoksi haimpi nafasi hiyo.

Likabaki jino. Safu ya juu ilikuwa na pengo, na mzee alitaka jino jipya. Nikamwomba aniletee picha ya harusi yake. Alikuja nayo Jumamosi, kwenye bahasha, akiwa amevaa koti. Picha ya rangi iliyogeuka chungwa: bwana harusi mwembamba, bibi harusi na shada la maua shingoni, na nyuma yao kinyago, cheusi kisicho na mng'ao wowote, kama mkaa wa jikoni. Jino halikuwapo. Lilikuwa limeshang'oka kabla hata hajaoa. Aliitazama picha kwa muda mrefu, na nadhani hakuwa akitazama kinyago. Kisha akasema, "Basi liache." Hakuutaja tena mng'ao.

Majengo yenyewe hayana bahati ya kusubiri picha. Kahiki, mkahawa mkubwa wa Columbus, Ohio, uliojengwa 1961 kwa umbo la jumba la mkutano la kisiwani, uliwekwa kwenye orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria mwaka 1997. Mwaka 2000 ulibomolewa ili pajengwe duka la dawa. Mai-Kai wa Fort Lauderdale, uliofunguliwa mwishoni mwa 1956, ulifungwa Oktoba 2020 baada ya mvua kuharibu paa, ukafunguliwa tena mwishoni mwa 2024. Huko Marquesas kwenyewe uchongaji haukusubiri makumbusho. Tamasha la sanaa lililoanza Ua Pou mwaka 1987 limelea wachongaji wapya, ambao hawahitaji ruhusa ya baa yoyote kujua tiki anafananaje. Ningependa siku moja mmoja wao asimame hapa nilipo, anikosoe.

Kinyago kile sasa kiko sebuleni kwa mzee. Hakigusi sakafu: kimevalishwa kiatu cha chuma chenye miguu mifupi mitatu, hewa ipite chini, maana mti ukikaa chini ya unyevu wa sehemu 20 kwa 100 kuvu hawezi kuula. Ufa wa mgongoni hatukuuziba. Kwenye uwazi ule, ndani kabisa, nilisukuma kibomba cha kioo chenye karatasi, nikimuiga mtu wa Rurutu aliyeweka kifuniko mgongoni mwa A'a. Karatasi imeandikwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili: tarehe, siku za barafu, kiasi cha resini, vijiti vya pamba, jino lisilotengenezwa na sababu yake. Nilipokwisha kuisukuma nilikumbuka kwamba neno "asetoni" nimeliandika "asentoni". Kibomba kimeteleza mbali, vidole havifiki.